Kunukuu na kurejelea vyanzo katika maandishi ya uhandisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi ambao nimewasaidia kusahihisha ripoti na tasnifu hapa Kampala. Wengine ni Waganda, wengine wametoka Kenya, Tanzania na Kongo. Wote huandika kazi zao kwa Kiingereza, lakini wanapokwama huulizana kwa Kiswahili. Yale yanayozaa makosa mengi nimeyajibu kwa urefu, na yale yenye jibu moja nimeyapitia kwa haraka.

Kunukuu, kurejelea na orodha ya marejeo ni kitu kimoja?

Ni sehemu tatu za kazi moja. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mwandishi kama alivyoyaandika na kuyafunga kwa alama za kunukuu. Kurejelea ni kuonyesha, papo hapo ndani ya sentensi, kwamba wazo, namba, mchoro au fomula imetoka kwa mtu fulani, hata kama umeieleza kwa maneno yako mwenyewe. Orodha ya marejeo hukaa mwishoni na kutoa maelezo kamili ya kila chanzo, ili msomaji aweze kukitafuta. Kila kilichotajwa ndani ya kazi lazima kiwemo katika orodha, na kila kilichomo katika orodha lazima kiwe kimetajwa ndani. Katika uhandisi kunukuu neno kwa neno ni nadra sana, isipokuwa pale ambapo maneno yenyewe ndiyo yanayobishaniwa, kwa mfano kifungu cha mkataba au sharti la kiwango.

Neno lenyewe linafundisha. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na marejeo hapo ni kule kurudi. Rejeo la kitaaluma nalo ni hivyo hivyo: ni njia ambayo msomaji ataifuata kurudi hadi mahali namba ilipopimwa.

Msimamizi ananijua na anajua sikuiba. Kwa nini basi anasisitiza marejeo kiasi hicho?

Kwa sababu suala la wizi ni nusu tu ya habari, na kwa mhandisi naona ni ile nusu ndogo. Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho nilisanifu kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kwa ajili ya barabara ya udongo upande wa Mbale, na kipimo cha mvua ya saa 24 nilikitoa katika tasnifu ya mwanafunzi aliyenitangulia, nikaitaja kwa uaminifu kabisa. Siku moja kabla ya kuwasilisha nilipata wasiwasi, nikaifuata njia hiyo kurudi nyuma. Tasnifu ile ilikuwa imerejelea tasnifu nyingine, na ile nyingine iliandika namba bila chanzo chochote. Nilipofika kwenye takwimu za vituo vya mvua niligundua kwamba kipimo kile kilitoka katika kituo cha tambarare, ilhali bonde langu liko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako mvua hunyesha kwa namna nyingine. Hesabu zote nilizirudia usiku ule, na kalavati likaongezeka kipenyo.

Hakuna aliyeiba kitu katika mlolongo ule. Hata hivyo kalavati dogo lingejengwa kwa namba hiyo, maji yangepita juu ya barabara. Rejeo ni sehemu ya hesabu, sawa na kizio cha kipimo: namba isiyo na chanzo haina tofauti na namba isiyosema kama ni mita au futi.

Nitumie mtindo gani?

Ule ambao idara yako imeutaja katika mwongozo wake wa tasnifu, hata kama wewe unapenda mwingine. Soma mwongozo huo kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, kwa maana idara mbili za chuo kimoja zinaweza kutofautiana.

Ikiwa umeachiwa uchague, fuata desturi ya fani yako. Wahandisi wa umeme, mawasiliano na kompyuta hutumia mtindo wa IEEE, chama kilichoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyama viwili vya Marekani, na mtindo wake ni wa namba ndani ya mabano ya mraba. Majarida ya ASCE, chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani, hutumia jina la mwandishi na mwaka. Mtindo wa APA, ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019, ulianzia kwa wanasaikolojia lakini umeenea hata kwenye vitivo vya uhandisi, nao pia ni wa jina na mwaka. Ule unaoitwa Harvard hauna mwongozo mmoja unaotambuliwa na wote, na kwa sababu hiyo ukiambiwa utumie Harvard uliza: Harvard ya nani?

Kila mtindo una faida yake. Namba haziikati sentensi, jambo linalofaa pale ambapo aya moja ina vyanzo saba. Jina na mwaka humwonyesha msomaji papo hapo kwamba chanzo ni cha 1976 au cha 2021, na katika mambo kama idadi ya magari barabarani tofauti hiyo ni kubwa.

Namba za IEEE hupangwaje?

Kwa mfuatano wa kutajwa, si kwa alfabeti. Chanzo cha kwanza kutajwa ni [1], cha pili ni [2], na chanzo kikishapewa namba hubaki nayo hata kikitajwa tena mara kumi. Alama ya nukta huja baada ya mabano. Ukitaka kuelekeza kwenye ukurasa au fomula fulani, huitia ndani ya mabano hayo hayo baada ya namba. Waandishi wakiwa sita au pungufu huandikwa wote. Wakizidi sita, huandikwa wa kwanza na kufuatiwa na kifupisho cha Kilatini et al.

Nichukue chanzo kimoja maarufu kuonyesha kinachohitajika. Makala ya Claude Shannon kuhusu nadharia ya mawasiliano ilitoka mwaka 1948 katika jarida la kiufundi la kampuni ya Bell, juzuu la 27, sehemu ya kwanza kurasa 379 hadi 423 na sehemu ya pili kurasa 623 hadi 656. Mwanafunzi anayeandika tu Shannon 1948 amemfikisha msomaji mlangoni na kumwacha hapo. Mwenye kutaja juzuu, toleo na kurasa amemwingiza chumbani, tena amemwambia ni sehemu ipi kati ya zile mbili aliyoisoma.

Majina ya waandishi wa Uganda yananichanganya. Jina la ukoo ni lipi?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mitindo yote ilitungwa na watu wanaodhani kwamba kila mtu ana jina la kwanza na jina la familia, na kwamba la familia huja mwisho. Kwetu mtu anaweza kujiandika Okello Patrick shuleni na Patrick Okello kazini. Ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza wasiwe na jina hata moja linalofanana. Miongoni mwa Baganda, Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, ni majina ya mapacha wanayopewa kwa kuzaliwa kwao, hayakurithiwa kutoka kwa baba, na bado kwenye makala ndiyo hushika nafasi ya jina la ukoo.

Kanuni ninayoifuata ni kuangalia mwandishi mwenyewe amejiandikaje katika kazi zake zilizochapishwa, kisha kumfuata. Jina la ubatizo au la Kiislamu ndilo hufupishwa kuwa herufi, na jina la kienyeji ndilo huandikwa lote. Okello Patrick basi ni P. Okello, si O. Patrick. Usiiamini programu ya marejeo ikuamulie, kwa sababu huchukua neno la mwisho na kulifanya la ukoo bila kujali. Nimewahi kuona orodha moja ambamo mtafiti mmoja alionekana kama watu watatu.

Kwa upande wako kama mwandishi, chagua namna moja ya kuandika jina lako kabla ya makala ya kwanza na usiibadilishe. Jiandikishe pia ORCID, namba ya utambulisho ya tarakimu 16 ambayo watafiti wamekuwa wakiipata bila malipo tangu 2012. Inakufuata hata jina likibadilika kwa ndoa au likiandikwa kinyume.

Viwango vya kiufundi hurejelewaje?

Hapa ndipo tasnifu nyingi za ujenzi huanguka. Kiwango kina mambo manne ambayo hayaachwi: taasisi iliyokitoa, namba yake, sehemu yake kama kimegawanywa, na mwaka wa toleo. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, huanza namba za viwango vyake kwa herufi US, na kile kilichokubaliwa kwa Afrika Mashariki nzima huwa na US EAS. Kiwango cha saruji za kawaida, kwa mfano, ni US EAS 18-1:2017. Ukiandika tu kiwango cha saruji cha Uganda, msomaji hawezi kujua kama ulipima kwa masharti ya mwaka huo au ya toleo lililotangulia.

Mwaka una uzito kwa sababu masharti hubadilika. BS 8110 ya Uingereza, iliyotumika kusanifu zege kwa miaka mingi na ambayo bado inaonekana katika hesabu za wanafunzi wetu, iliondolewa rasmi mwaka 2010 na nafasi yake kuchukuliwa na kiwango cha Ulaya cha Eurocode 2. Ile ya zamani huzidisha mzigo wa kudumu kwa 1.4 na mzigo wa matumizi kwa 1.6; mfumo mpya hutumia 1.35 na 1.5. Ile ya zamani huhesabu nguvu ya zege kwa mchemraba, na mpya huhesabu kwa silinda, ndiyo maana huandika C25/30, yaani 25 kwa silinda na 30 kwa mchemraba kwa zege ile ile. Anayesema nguvu ya zege yake ni 30 bila kutaja kiwango hajasema kitu ambacho mwenzake anaweza kukijengea.

Kiwango kilichoondolewa kinaweza kurejelewa, hasa ukichunguza jengo la zamani. Sema wazi kwamba kimeondolewa na ueleze kwa nini umekitumia. Kisichofaa ni kuchanganya viwili, mizigo kutoka huku na nguvu kutoka kule, huku orodha ikionyesha kimoja.

Jambo la mwisho kuhusu viwango: rejelea kile ulichokisoma. Viwango vingi huuzwa, na mwanafunzi huishia kuvisoma kupitia vitabu vya kiada. Ikiwa ulisoma kitabu, rejelea kitabu.

Je, fomula inahitaji rejeo?

Inategemea fomula. Sheria ya Ohm na sheria za Newton ni mali ya kila mhandisi na hazihitaji. Fomula zilizotokana na vipimo ni habari nyingine, kwa sababu zina mipaka ya mahali na hali zilipopimwa, na rejeo ndilo linalomwezesha msomaji kuijua mipaka hiyo.

Fomula ya Kirpich ya mwaka 1940, inayotumika kukadiria muda ambao maji ya mvua huchukua kufika kwenye mdomo wa bonde, ilitokana na mabonde madogo ya mashamba huko Tennessee, Marekani. Ukiitumia kwa bonde la Manafwa una wajibu wa kusema imetoka wapi, ili mkaguzi aamue kama inafaa huku. Ukilinganisha, modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki, iliyochapishwa na maabara ya barabara ya Uingereza TRRL katika ripoti namba 706 ya mwaka 1976, ilijengwa kwa vipimo vya mabonde ya Kenya na Uganda. Msomaji anayeona majina hayo mawili katika orodha yako anaelewa mengi hata kabla ya kusoma hesabu.

Fomula ya Manning ya mwendo wa maji katika mtaro iko katikati. Yenyewe imo katika kila kitabu cha haidroliki, na hakuna anayekutaka urejelee maandishi ya Manning ya karne ya 19. Lakini thamani ya n, yaani kipimo cha ukwaruzo wa mtaro, uliyoichagua, 0.013 kwa zege au 0.025 kwa mtaro wa udongo, ni uamuzi wako uliotoka katika jedwali fulani. Jedwali hilo lirejelewe, kwa sababu mtaro mzima umesimama juu ya namba hiyo ndogo.

Na michoro, picha na msimbo wa kompyuta?

Mchoro ulionakiliwa unahitaji rejeo chini yake, na mchoro uliouchora upya kwa kufuata wa mtu mwingine unahitaji rejeo vilevile, pamoja na neno la kuonyesha kwamba umeurekebisha. Grafu uliyoichora wewe kwa data ya mwingine hurejelea data. Picha uliyoipiga mwenyewe kazini haihitaji chanzo, ila andika mahali na tarehe. Msimbo uliochukuliwa mtandaoni hurejelewa ndani ya msimbo wenyewe kwa mstari wa maelezo na pia katika orodha, pamoja na namba ya toleo la programu.

Kurejelea si kupata ruhusa. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki huku ukimtaja mwenye kazi, lakini kuchapisha mchoro mzima katika jarida kwa kawaida hudai idhini ya mchapishaji wa kwanza, nayo huombwa kwa maandishi.

Taasisi ikibadilika jina au ikivunjwa, niandike jina gani?

Andika jina lililo kwenye jalada la hati, yaani lile lililotumika siku ilipochapishwa. Mamlaka ya barabara UNRA ilianza kazi mwaka 2008 na mwaka 2024 shughuli zake zikarudishwa wizarani. Ripoti yake ya 2015 inabaki kuwa ya UNRA. Umeme, kampuni iliyosambaza umeme kwa mkataba ulioanza 2005, ilimaliza muda wake tarehe 31 Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua kazi hiyo, lakini takwimu za upotevu wa umeme za 2018 zinabaki kuwa za Umeme. Ukiona msomaji anaweza kupotea, ongeza maelezo mafupi ndani ya sentensi, si ndani ya rejeo.

Bwawa la Jinja ni mfano ninaoupenda. Lilifunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, likiwa limepangiwa mitambo 10 ya megawati 15 kila mmoja, jumla megawati 150. Baadaye mitambo iliongezewa uwezo hadi megawati 18 kila mmoja, na leo bwawa hilo, ambalo sasa huitwa Nalubaale, hutajwa kuwa na megawati 180. Mwanafunzi mmoja aandikaye 150 na mwingine aandikaye 180 wote wanaweza kuwa sahihi, na kinachowatetea ni tarehe ya chanzo cha kila mmoja.

Data niliyopewa ofisini, mahojiano, ujumbe wa WhatsApp: vina nafasi?

Vina nafasi, kwa uangalifu. Data ya mvua au ya mita za umeme uliyopewa na taasisi hurejelewa kwa jina la taasisi, kichwa kinachoeleza data, kipindi inachohusu, tarehe uliyoipokea, na neno kwamba haijachapishwa. Barua ya kukukabidhi data iwekwe kwenye viambatisho.

Mazungumzo na mhandisi wa eneo la kazi katika mtindo wa APA hutajwa ndani ya maandishi tu na hayaingii kwenye orodha, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata. IEEE huruhusu yaingie kama mawasiliano binafsi. Kwa vyovyote, mwombe mhusika idhini kabla ya kumtaja kwa jina. Fundi aliyekueleza kasoro ya transfoma kwa nia njema asije akaulizwa na mwajiri wake kwa sababu ya tasnifu yako.

Je, naweza kurejelea vijitabu vya fotokopi na maelezo ya darasani?

Vile vijitabu vya fotokopi vinavyouzwa Wandegeya, hapa Kampala, vimewasaidia wengi kufaulu mitihani, lakini kwa kawaida havionyeshi mwandishi wala mwaka, na baadhi ni kurasa za kitabu kilichokatwa jalada. Tafuta kitabu chenyewe maktabani. Maelezo ya mhadhiri yanaweza kurejelewa kwa jina lake, somo na mwaka, kwa jambo ambalo halipatikani kwingine. Tasnifu za wenzako zinarejelewa bila shida, mradi uzingatie kisa cha kalavati.

Nimesoma maneno ya mtu ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Nirejelee nani?

Yule uliyemsoma. Sema kwamba fulani amenukuliwa na fulani, na katika orodha weka kitabu kilichokuwa mikononi mwako. Kwanza, hata hivyo, jitahidi kupata cha asili. Makala nyingi za zamani sasa zinapatikana bila malipo, na kila mkono ambao namba inapitia unaweza kuibadilisha.

Tovuti na DOI?

DOI ni anwani ya kudumu ya makala, huanza kwa 10 na haibadiliki hata jarida likihama tovuti. Ikiwepo, iandike. Isipokuwepo, andika anwani ya ukurasa na tarehe uliyoifungua. Kurasa za miradi ya serikali hupotea mradi ukiisha, kwa hiyo hifadhi nakala katika kumbukumbu ya Wayback Machine, ambayo imekuwa wazi kwa umma tangu 2001, na uandike anwani ya nakala hiyo. Anwani inayoishia kwenye ukurasa wa mbele wa taasisi si rejeo.

Chanzo changu ni cha Kiswahili na tasnifu ni ya Kiingereza. Nifanyeje?

Kitumie kwa kujiamini. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na hati za jumuiya yetu kwa lugha hii zitazidi kuongezeka. Katika APA huandikwa kichwa cha Kiswahili, kisha tafsiri yake ya Kiingereza ndani ya mabano ya mraba. IEEE hutaka kichwa kwa Kiingereza na maelezo kwamba kazi ni ya Kiswahili. Ndugu zetu wa Kongo wenye vyanzo vya Kifaransa wafanye vivyo hivyo. Ukitafsiri nukuu, sema kwamba tafsiri ni yako.

Nimebadilisha maneno yote. Bado nahitaji rejeo?

Ndiyo. Maneno ni yako, matokeo si yako. Isitoshe, kubadilisha neno moja moja huku sentensi ikibaki na umbo lile lile bado huhesabiwa kuwa kunakili. Njia inayofaa ni kusoma, kufunga chanzo, kuandika ulichoelewa, kisha kufungua tena na kuhakiki namba.

Ripoti ya Turnitin ikionyesha asilimia ngapi niko salama?

Programu hiyo hupima kufanana tu, haitambui wizi. Kichwa cha kiwango, jina la wizara na orodha ya marejeo vyote hufanana na kazi za wengine, na hilo halina kosa. Kinyume chake, aya moja iliyoibwa katika tasnifu ya kurasa 120 huonyesha asilimia ndogo sana. Fuata kikomo cha chuo chako, lakini soma kila sehemu iliyotiwa rangi na ujiulize kama rejeo lipo.

Nitumie programu gani kupanga marejeo?

Zotero, iliyotoka mwaka 2006, haina malipo na huhifadhi kila kitu ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo bando likiisha kazi inaendelea. Wanaoandika kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi, hutumia BibTeX, programu ya marejeo ya mwaka 1985. Programu huondoa tatizo la kupanga namba upya kila unapoingiza chanzo kipya katikati, na hilo peke yake linatosha kukufanya ujifunze.

Ila kuna mtego unaowanasa wengi. BibTeX hutenganisha waandishi kwa neno la Kiingereza and. Wizara yetu ya ujenzi na uchukuzi, ambayo jina lake la Kiingereza lina neno hilo katikati, hugeuka kuwa waandishi wawili, mmoja akiitwa Transport. Lifunge jina zima la taasisi kwa jozi mbili za mabano ya mawimbi, nalo litabaki zima. Katika Zotero chagua sehemu ya jina moja badala ya majina mawili.

Je, akili mnemba inaweza kunitafutia marejeo?

Inaweza kukupa maneno ya kutafutia. Orodha yake ya marejeo usiichukue hata kidogo kabla ya kufungua kila chanzo kwa macho yako, kwa sababu hutunga vichwa, kurasa na hata DOI zinazofanana kabisa na za kweli. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT.

Udhaifu huu haukuanza na mashine. Kulikuwa na rejeo la mfano, lililotungwa ili kuwaonyesha waandishi wa majarida namna ya kupanga orodha, likitaja makala kuhusu uandishi wa kisayansi ambayo haikuwahi kuwepo. Lilikuja kurejelewa mara karibu 400 katika makala za kweli. Watu walinakili bila kufungua.

Ukiitumia akili mnemba kuandika sehemu yoyote, sema hivyo. IEEE huagiza itajwe katika sehemu ya shukrani, na si chama hicho wala wachapishaji wengine wakubwa wanaoikubali kama mwandishi mwenza.

Marejeo mangapi yanatosha?

Kadiri ya madai yako yanayohitaji ushahidi. Sijawahi kuona tasnifu nzuri iliyopimwa kwa hesabu ya orodha yake.

Nimegundua kosa la rejeo baada ya kuwasilisha. Nifanye nini?

Mwambie msimamizi mara moja, kwa maandishi, ukieleza ukurasa, kosa na sahihi yake. Ikiwa kosa linagusa namba iliyotumika katika hesabu, rudia hesabu kwanza ili uweze kusema kama matokeo yanabadilika. Kwa makala iliyochapishwa, mwandikie mhariri. Majarida yana utaratibu wa kutoa masahihisho na huyaunganisha na makala ya awali. Kwa tasnifu, omba karatasi ya masahihisho ibandikwe ndani ya nakala ya maktaba na faili la kumbukumbu la chuo libadilishwe, kwa kuwa hizo ndizo atakazozifungua mwanafunzi wa mwaka ujao anayetafuta kipimo cha mvua.